Kujivua Uwasii katika Pwani ya Kenya

Mtu aliyetajwa katika wosia ili alipe madeni ya marehemu, atekeleze maagizo yake na kuwatunzia mayatima mali yao, ambaye katika fikihi huitwa wasii, hakulazimishwa kuipokea kazi hiyo. Walipohitilafiana wanasheria ni katika namna ya kuitua baada ya kuipokea. Madhehebu ya Kishafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, yaliuhesabu uwasii kuwa mkataba ambao kila upande una hiari ya kuuvunja, ndiyo maana Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, akaandika katika Minhaj kwamba wasii anaweza kujiuzulu apendapo, ingawa mafakihi walimzuia iwapo hakuna mwingine wa kuishika kazi au iwapo dhalimu angeipora mali. Wahanafi walikuwa wakali zaidi, kwani kwao aliyekubali, kisha mwosia akafa akimtegemea, hakuweza kujitoa bila ya kadhi.

Waingereza hawakutunga sheria mpya ya jambo hili, bali waliazima sheria ya India ya mwaka 1881, iliyomruhusu aliyetajwa kukataa kwa kutamka mbele ya hakimu au kwa maandishi yenye sahihi yake, na akishakataa hakuweza tena kuomba hati ya kuuthibitisha wosia huo. Pamoja nayo ilikuja kanuni ya mahakama za Uingereza kwamba aliyekwisha kuishughulikia mali kama wasii amepoteza nafasi ya kukataa: kupokea deni alilokuwa akidai marehemu au kuuza ng'ombe wake kulitosha kumfunga, ilhali kumzika, kuifunga nyumba yake na kuilisha mifugo yake hakukumfunga, kwa kuwa hayo yalihesabiwa kuwa ni utu tu. Kanuni hiyo, kwa hakika, ilimbana mwenye huruma kuliko mzembe, kwani jamaa aliyewahi kukusanya kodi ya duka ili wajane wapate posho ndiye aliyenasa.

Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, iliuhifadhi utaratibu huo wa kukataa katika kifungu cha 59. Kwa aliyekwisha kupewa hati, barua ya kujiuzulu peke yake haitoshi. Humlazimu kuiomba mahakama iibatilishe hati chini ya kifungu cha 76, na kwa kawaida hutakiwa kutoa hesabu ya alichopokea na alicholipa, ili mwingine apewe hati ya kusimamia mali iliyosalia. Marekebisho ya mwaka 1990 yaliwarudishia Waislamu sheria yao katika ugawaji wa mirathi, lakini yaliacha masharti ya usimamizi yawahusu pale yasipopingana na sheria hiyo, na kwa hiyo wasii wa Mombasa au Lamu mwenye hati ya mahakama, hata kama Minhaj inamruhusu kuondoka, bado hana budi kupitia kwa jaji aliyempa hati.