Paa Lililokunjwa: Gari la Wazi na Historia ya Watawala Kuonekana

Katika magari ya kale yenye paa la turubai kuna kipande kimoja cha kitambaa ambacho wengi wetu hatukijui hata kwa jina. Dereva akishalikunja paa na kulilaza nyuma ya viti, hubaki furushi lisilopendeza: mbavu za chuma, mikunjo ya turubai, na dirisha la nyuma la plastiki lililopindwa. Juu ya furushi hilo hutandazwa kifuniko kilichoshonwa kwa kipimo chake, kikabanwa kwa vifungo vya chuma vya kubonyeza kuzunguka ukingo wa bodi. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia vumbi na upepo. Kazi yake ya pili, ambayo ndiyo sababu ya makala haya, ni kulifanya gari lionekane kana kwamba halikuwahi kuwa na paa.

Msomaji aliyepo Segese atauliza, na ana haki ya kuuliza, jambo hili linamhusu nini. Segese, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, ni kituo cha wachimbaji wadogo katika ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama kuelekea Geita. Magari ya kifahari ya kukunjwa paa si sehemu ya maisha ya huko. Lakini gari la turubai si geni hata kidogo. Landrover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, na zile za mwanzo zilikuwa na paa la turubai lililofungwa kwa kamba na mikanda. Katika muda mfupi gari hilo likawa sura ya serikali vijijini Tanganyika. Bwana Shauri alifika nalo, bwana shamba alifika nalo, wapima miamba walifika nalo. Baadaye wanasiasa wa TANU nao walizunguka nchi kwa gari la aina hiyohiyo, jambo ambalo wanahistoria wetu hulipita haraka mno. Chombo kilichombeba mkusanya kodi kilimbeba pia aliyekuja kusema kwamba kodi hiyo haina uhalali.

Niruhusiwe kukaa kidogo kwenye ufundi wenyewe, kwa kuwa hoja imo ndani ya ufundi. Kifuniko hakivikwi ovyo. Paa lazima likunjwe likiwa kavu. Likikunjwa na unyevu huota ukungu na harufu yake haitoki. Dirisha la plastiki huwekewa kitambaa laini katikati ili lisikwaruzwe na mbavu. Kisha kifuniko huanikwa juani kwa muda, kwa sababu ngozi bandia ikipoa husinyaa na kukakamaa, na anayeilazimisha ikiwa baridi ataing'oa vifungo. Fundi huanza na kifungo cha katikati nyuma, akafuata pembe mbili, halafu pande, akivuta kidogo kidogo hadi mikunjo iishe. Kama kifuniko ni kipya, matundu ya vifungo hayatobolewi mezani. Hutobolewa kifuniko kikiwa juu ya gari, baada ya kuvutwa, maana kipimo cha mezani na kipimo cha mwili wa gari havifanani. Fundi viti yeyote anayeshona viti vya pikipiki na bajaji ataielewa kazi hii mara moja.

Jambo moja zaidi. Kifuniko kikishabanwa, paa haliwezi kuinuliwa mpaka vifungo vyote vifunguliwe. Mvua ikinyesha ghafla, dereva mwenye kifuniko atalowa kabla ya dereva asiye nacho. Uzuri wa gari lililo wazi hulipiwa kwa dakika hizo.

Sasa tutoke kwenye gereji tuingie kwenye dola. Kabla ya magari, mkubwa wa kikoloni katika bara letu alibebwa kwa machela, na mara nyingi juu yake palikuwa na kitambaa cha kumkinga na jua. Walioibeba waliona mguu wake na kusikia sauti yake. Uso ulikuwa kivulini. Gari la wazi liligeuza utaratibu huo. Mtawala akasimama, akaonekana mwili mzima, akapunga mkono. Dola za karne ya 20, za kifalme na za kimapinduzi kwa pamoja, ziligundua kwamba kuonekana ni aina ya amri. Anayethubutu kusimama bila paa mbele ya maelfu anatangaza kwamba hana wa kumwogopa.

Tangazo hilo lilijibiwa tarehe 29 Juni 1960 mjini Léopoldville, leo Kinshasa. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji aliwasili katika mkesha wa uhuru wa Kongo. Alikuwa amesimama katika gari la wazi, Rais Joseph Kasa-Vubu akiwa pembeni yake, ndipo kijana mmoja, Ambroise Boimbo, alipokimbia kutoka kwenye umati na kuunyakua upanga wa mfalme. Mpiga picha Mjerumani Robert Lebeck alikuwapo. Picha yake inamwonyesha Boimbo akikimbia na upanga huku gari likiendelea na mwendo, kana kwamba sherehe haijajua bado kilichotokea. Boimbo alikamatwa papo hapo na upanga ukarudishwa. Wachambuzi wengi huuzungumzia upanga. Mimi huzungumzia gari: kama lingekuwa na paa, upanga ule ungebaki kiunoni, na Kongo ingepoteza mojawapo ya picha chache ambamo Mwafrika wa kawaida, asiye rais wala jenerali, anagusa mamlaka kwa mkono wake mwenyewe.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 22 Novemba 1963, Rais John F. Kennedy wa Marekani aliuawa mjini Dallas akiwa ndani ya Lincoln ya wazi. Gari hilo lilikuwa na paa la plastiki angavu la kuvikwa na kuvuliwa. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, hivyo halikuvikwa. Paa lile halikuwa la kuzuia risasi, jambo ambalo husahauliwa na wanaodhani lingemwokoa. Lililo muhimu kwa mwanahistoria ni kilichofuata: gari lilelile lilijengwa upya, likawekewa paa la kudumu na kinga, likarudishwa kazini. Hapakuwa tena na cha kukunja.

Kwetu, paa halikupotea wala halikudumu. Limekuwa likikunjwa na kuinuliwa kwa majira. Katika sherehe za Uhuru na za Muungano tumezoea kumwona Rais akiingia uwanjani amesimama katika gari la wazi la jeshi, akizunguka mbele ya majukwaa. Ni ibada tuliyoirithi kwa Waingereza na kuifanya yetu, na sioni haya kukiri kwamba hupendeza. Lakini siku zilizobaki za mwaka kiongozi husafiri nyuma ya vioo vyeusi. Miaka ya 1960 watu wa Afrika Mashariki walibuni neno "wabenzi" kwa tabaka lililojitenga kwa gari, na Azimio la Arusha la 1967 lilijaribu kulidhibiti tabaka hilo kwa miiko ya uongozi. Wakati wa uhaba wa mafuta, serikali ilikataza magari binafsi kutembea Jumapili alasiri. Nani alibaki barabarani saa hizo? Mwenye kibali.

John Magufuli, mzaliwa wa Chato katika mkoa ambao leo ni Geita, alielewa lugha ya paa kuliko wengi. Alifuta sherehe za Uhuru za 9 Desemba 2015 na kuamuru siku hiyo iwe ya usafi. Hata hivyo aliendelea kusimamisha msafara njiani, akitokeza kwenye tundu la paa la gari kusikiliza malalamiko na kuwahoji watendaji mbele ya watu. Ilikuwa kuonekana kwa namna mpya: nusu ya mwili nje, nusu ndani ya chuma. Wakazi wa ukanda wa dhahabu walimpenda kwa hilo, na walio makini waliona pia kwamba malalamiko yaliyosikilizwa kwenye tundu la paa hayakuwa na mahali pengine pa kusikilizwa. Alipofariki Machi 2021, katika safari ya mwisho ya mwili wake wananchi walitandika khanga barabarani ili msafara upite juu yake. Tarehe 26 Machi akazikwa Chato.

Halafu ukaja mwaka 2025. Baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba na umwagaji damu ulioufuata, Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 3 Novemba katika viwanja vya jeshi Dodoma bila umma kuruhusiwa kuingia. Sherehe za 9 Desemba mwaka huo nazo zikafutwa, maelezo rasmi yakiwa kwamba fedha zielekezwe kukarabati miundombinu iliyoharibiwa. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wataniambia kwamba usalama ni usalama. Sibishi. Nasema tu kwamba kwa miaka mingi tulilitazama gari la wazi likizunguka uwanja tukaamini kwamba halina paa, wakati paa lilikuwapo muda wote, limekunjwa vizuri chini ya kifuniko kilichobanwa na fundi hodari. Ilipobidi kuliinua, vifungo vilifunguka upesi kuliko tulivyodhani. Swali la kisiasa kwa hiyo haliwezi kuwa kama kiongozi yuko wazi leo. Ni nani anayeshika vifungo, na kwa sheria ipi anaweza kuvifungua bila kumuuliza mtu.

Wanafunzi wangu wanaotoka Msalala na Geita hupenda kunikumbusha kwamba huko gari la wazi ni la kila siku. Ni lori au pikapu inayotoka machimboni kwenda kwenye karasha na mwalo, ikiwa imejaa viroba vya mawe. Halina kifuniko kwa sababu halina paa la kufunika. Wasafiri hujifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi, na msafara wenye vioo vyeusi ukipita kwa kasi, gari lao hupunguza mwendo na kusubiri barabara ionekane tena. Turubai mara nyingi lipo. Limefunika viroba, kwa sababu mawe yana mwenyewe na yatapimwa mwisho wa safari. Watu wameketi juu ya turubai.