Pikapu Inayopiga Magoti: Historia Fupi ya Loraida

Leo tuiweke kompyuta kando kidogo. Mimi ni mtu wa programu, lakini kuna mashine moja inayonivutia kuliko simu yoyote mpya: pikapu ya Chevrolet C10 ya mwaka 1967 iliyogeuzwa kuwa loraida. Rangi yake inameremeta kama pipi, rimu ni za kromu, na ikiegeshwa hulaza tumbo karibu na lami. Dereva akibonyeza swichi, inainuka. Akibonyeza nyingine, inapiga magoti. Swali langu ni hili: nani alihitaji kitu kama hiki, na kwa nini?

Jibu liko California, Marekani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wenye asili ya Meksiko walikuwa wakinunua magari yaliyotumika na kuyashusha. Mbinu zilikuwa rahisi: kukata springi, au kujaza mifuko ya mchanga kwenye buti. Wengine walitaka magari ya mbio, wao walitaka kwenda chini na polepole, mtaa mzima uwaone.

Serikali haikupendezwa. Kuanzia tarehe 1 Januari 1958, sheria ya California, kifungu 24008, ilikataza gari lililogeuzwa hadi sehemu ya bodi ikawa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Polisi wakapata sababu ya kusimamisha magari, na waliosimamishwa sana ni hao hao Wachicano.

Basi akatokea Ron Aguirre, kijana aliyekuwa na Corvette ya mwaka 1957. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliifunga pampu na silinda za haidroliki. Vifaa vya aina hii vilitoka kwenye ndege za kivita, na baada ya vita viliuzwa kama mabaki. Sasa gari liliweza kuwa chini, na polisi wakitokea, likainuka mpaka kimo cha halali. Sisi waandishi wa programu tunaijua akili hiyo: mfumo ukikuwekea kizuizi, unatafuta njia halali ya kukizunguka.

Inafanyaje kazi? Ukiwahi kuona jeki ya gereji, umeshaelewa nusu. Swichi huruhusu umeme wa betri ufike kwenye mota. Mota huzungusha pampu, na pampu husukuma mafuta ndani ya silinda iliyokaa pamoja na springi. Mafuta hayabonyei kama hewa, kwa hiyo nguvu yote huenda kwenye pistoni. Tuseme shinikizo ni kilo 100 kwa kila sentimita ya mraba, na pistoni ina sentimita 8 za mraba. Hiyo ni kilo 800 kwenye gurudumu moja! Kushuka ni rahisi zaidi: vali inafunguliwa, uzito wa gari unayarudisha mafuta kwenye tangi.

Na kwa nini C10? Pikapu za Chevrolet za kabla ya 1960 zilikuwa na ekseli ngumu mbele, na springi za bamba mbele na nyuma. Zilifaa mizigo, lakini safari ilikuwa ya kurukaruka. Mwaka 1960 Chevrolet iliweka springi za koili nyuma, na mwaka 1963 zikaja mbele pia. Kwa fundi wa loraida hii ni zawadi, kwa sababu silinda na koili hukaa pamoja vizuri. Kazi ngumu iko nyuma: gari likishuka sana, ekseli hugonga chesisi. Dawa yake ni kukata chesisi kwa umbo la nusu duara juu ya ekseli, kisha kuchomelea chuma cha kuimarisha. Pampu na betri hukaa pale palipokuwa pa kubebea mizigo.

Pikapu nazo hazikuachwa na sheria: kifungu 24008 kilitaja pia magari ya biashara yenye uzito chini ya pauni 6,000. Miji nayo iliongeza marufuku ya kuzungukazunguka barabarani kwa magari haya. National City, kwa mfano, ilipiga marufuku mwaka 1992 na kuifuta mwaka 2023. Mwezi Oktoba mwaka huo gavana Gavin Newsom alitia sahihi sheria ya AB 436, na kuanzia Januari 2024 marufuku hayo yote, pamoja na lile la kimo, yakaondoka California.

Fikiria: miaka 66 ya sheria! Leo dereva wa California hahitaji tena swichi ili kumkwepa askari kwa sababu ya kimo. Lakini swichi hazijang'olewa. Kilichoanza kama kinga kimekuwa sanaa, na pikapu ya kubebea mizigo imejifunza kucheza.

Ukikutana na mashine ya ajabu, usiulize tu inafanyaje kazi. Uliza pia ilimkinga nani, na dhidi ya nini.