Mommsen na kitabu kilichookolewa na notisi

Nimekuwa kimya siku kadhaa, test zilitubana kweli kweli, ila niko mzima. Leo siongelei foleni ya kantini wala boom kuchelewa. Nataka niwape stori ya mzee mmoja wa Kijerumani, Theodor Mommsen, mwanahistoria wa Roma ya kale. Najua kuna atakayeuliza Roma inatuhusu nini. Subiri, mbele kuna mambo ya madesa, na hayo yanatuhusu wote.

Mommsen alizaliwa tarehe 30 Novemba 1817 huko Garding, mji mdogo wa Schleswig, baba yake akiwa mchungaji. Wakati huo Schleswig ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Chuo Kikuu cha Kiel alisoma sheria, wala siyo historia! Sheria ya Kirumi ndiyo iliyomvuta. Alipomaliza mwaka 1843 akapewa fedha za Denmark za kusafiri kimasomo (tuseme boom lake), akaenda Italia kutafuta maandishi ya Kilatini yaliyochongwa kwenye mawe ya makaburi, mahekalu na majengo ya miji.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Wasomi wengi walikuwa wananakili maandishi hayo kutoka vitabuni, na wenye vitabu nao walikuwa wamenakili kwa wengine. Humo ndani walijaa waghushi. Pirro Ligorio, Mwitalia wa karne ya 16, alitunga maandishi kibao ambayo hayakuwahi kuwepo kwenye jiwe lolote! Mommsen akasema hapana, nenda kwenye jiwe lenyewe ulisome kwa macho yako. Mwaka 1852 akachapisha maandishi ya Ufalme wa Napoli kwa mtindo huo, watu wakaona kumbe inawezekana. Akademia ya Berlin ikamkabidhi kazi ya dola nzima ya Kirumi, yaani Corpus Inscriptionum Latinarum. Jildi la kwanza lilitoka 1863, na mpaka leo kazi inaendelea, maandishi yapata 180,000.

Msidhani alikuwa mtu wa kujifungia maktaba tu. Mapinduzi ya 1848 alikuwamo kama mwandishi wa gazeti, na mwaka 1851 akafukuzwa uprofesa Leipzig kwa sababu ya siasa. Akahamia Zürich, kisha Breslau, mwisho Berlin. Baadaye akawa mbunge, akapinga hadharani chuki dhidi ya Wayahudi iliyokuwa ikienezwa na profesa mwenzake, Heinrich von Treitschke. Mwaka 1882 Bismarck mwenyewe akampeleka mahakamani kwa kumkashifu, mzee akashinda. Na nyumbani walikuwa na watoto 16, yeye na mkewe Marie. Sijui alikuwa analala saa ngapi jamani!

Sasa tuje kwenye kitabu. Kati ya 1854 na 1856 alitoa majildi matatu ya Historia ya Roma, yakaishia kwa Julius Caesar. La tano, kuhusu majimbo ya dola, likatoka 1885. La nne, la historia ya makaisari wenyewe, hakuliandika kabisa. Hata Nobel ya fasihi aliyopewa 1902 ilitaja Historia hiyo ikiwa na pengo lake. Akafariki tarehe 1 Novemba 1903.

Lakini darasani alikuwa akifundisha makaisari miaka mingi. Mwaka 1980 mwanahistoria Alexander Demandt alikutana na madaftari kwenye duka la vitabu vya zamani huko Nürnberg. Kumbe ni notisi za mihadhara hiyo, za miaka ya 1882 hadi 1886! Walioziandika ni Sebastian Hensel, mtoto wa mtunzi wa muziki Fanny Hensel, pamoja na mwanawe Paul. Yaani mzee wa miaka zaidi ya 50 anakaa lekcha na kuandika, kwa zamu na kijana wake. Mwaka 1992 Demandt na mkewe Barbara wakazichapisha kitabu. Pengo la karibu miaka 140 likazibwa kiasi, na aliyeziba ni mwanafunzi.

Nasema "kiasi" kwa sababu notisi si kitabu. Mwanafunzi husikia vibaya, huruka, hufupisha. Lakini tofauti ya daftari la akina Hensel na madesa yetu ni kubwa. Wao walikuwepo, wakasikia kwa masikio yao, na tunajua ni nani na lini. Desa letu la "mwaka wa juzi" halina jina wala tarehe, limepigwa fotokopi mpaka tarakimu hazisomeki, na kila anayelinakili anaongeza lake. Huyo ni Ligorio kabisa!

Wenzangu wa ualimu ndio nawaambia hasa. Tukienda BTP, mtoto wa kidato cha pili atanakili tutakachoandika ubaoni kama kilivyo, hana kingine. Akiandika mwaka usio sahihi kutoka kwenye desa letu, ataubeba mpaka chumba cha mtihani, na siku akiwa mwalimu ataupitisha kwa wengine. Kwa hiyo kabla ya kuandaa somo fungua kitabu chenyewe, na ukiandika notisi weka jina na tarehe.

Haya, baadaye wadau. Maoni yenu nayasubiri.