Udongo wa Kamakis, Matumbawe ya Malindi

Mvua kubwa ikinyesha Kamakis, mitaro ya Eastern Bypass hufurika maji mekundu. Wachoma nyama huinua viti, bodaboda hujibanza chini ya mabati, na maji yale huteremkia Mto Ruiru bila mtu kuyatazama mara ya pili. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipokwenda Malindi kujifunza kupiga mbizi.

Njia ya maji yale ni ndefu. Mto Ruiru huyapeleka Athi, nayo Athi huporomoka pale Fourteen Falls, mbele ya Thika, karibu na Ol Donyo Sabuk, ambako vijana huruka kutoka mwambani hadi kwenye povu, wageni wakishangilia. Kutoka hapo mto huambaa na uwanda wa Yatta, huchanganyika na Tsavo na kuitwa Galana, kisha karibu na pwani hugeuka jina tena ukawa Sabaki. Humwaga maji yake baharini kilomita chache tu kaskazini ya mji wa Malindi.

Hifadhi ya bahari ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968 pamoja na ya Watamu, za kwanza nchini Kenya. Boti huondokea Casuarina, nyingine zikiwa na kioo sakafuni kwa ajili ya asiyejua kuogelea. Mwalimu wangu alinianzishia kwenye maji ya kifuani: kupumua kwa mdomo, kuondoa maji ndani ya miwani kwa kupuliza pua, kuzibua masikio kabla hayajauma. Juu ya yote, nisibane pumzi kamwe ninapopanda, maana hewa ya mtungi hutanuka mapafuni kadiri kina kinavyopungua.

“Watoka bara wapi, mwanangu?” aliniuliza tukipumzika.

“Kamakis, mzee. Ruiru.”

“Basi tope letu latoka kwenu.”

Hakuwa anatania. Kusi inapovuma, husukuma maji ya Sabaki kaskazini, mbali na mji. Kaskazi inapoingia, huyarudisha kusini, yakaufunika mwamba wa matumbawe. Huo ndio wakati mzamiaji huweza kunyoosha mkono asione vidole vyake vizuri.

Chini kule kuna tumbawe liitwalo Porites, kubwa, la mviringo, lisilo na rangi ya kumvutia mtalii. Mimi nalihesabu kuwa kitu cha thamani kuliko vyote nilivyoona. Hujijenga kwa chokaa, tabaka juu ya tabaka, yapata sentimita moja kwa mwaka, na udongo wa mto ukifika baharini, madini ya bariamu yaliyomo huingia katika chokaa hiyo. Watafiti walitoboa tumbawe la aina hii hapo Malindi, wakatoa mchi mrefu wa chokaa wenye kumbukumbu ya karibu miaka 300, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Kwa vizazi na vizazi bariamu ilikuwa kidogo, karibu sawasawa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupanda, wala haikurudi ilipokuwa.

Anayetoka kwetu anajua kilichotokea miaka ile. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na tawi lake likafika Thika mwaka 1913. Walowezi wakakata misitu, wakalima kahawa na mkonge. William Northrup McMillan, Mmarekani, alikuwa na shamba kubwa Juja, na mwaka 1909 alimpokea huko Theodore Roosevelt aliyekuja kuwinda. Wenyeji waliobaki bila mashamba walisongamana katika maeneo waliyotengewa, ardhi isipate kupumzika.

Ukambani ndiko kulikouma zaidi. Makorongo yalipozidi, serikali ya kikoloni ilikamata ng'ombe wa watu mwaka 1938 ikidai inaokoa udongo. Samuel Muindi Mbingu akaongoza Wakamba kwa maelfu hadi Nairobi kudai mifugo yao. Walirudishiwa, yeye akahamishiwa Lamu, kwenye pwani ile ile ambako udongo wa kwao ulikuwa ukiishia. Kila nikifikiria hilo, moyo hunisimama.

Tumbawe limepata mapigo mengine. Mwaka 1998 joto la El Niño liliyafanya matumbawe ya Malindi na Watamu kuwa meupe, na mengi yakafa. Tope huongeza ugumu, kwa kuwa hukinga mwanga na kufunika mahali ambapo machipukizi yangeshikia.

Kwetu Ruiru, mji wa kituo cha utafiti kilichotoa mbegu ya kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985, mikahawa inang'olewa ili nyumba zipande. Tingatinga huacha udongo wazi kwa miezi kabla msingi haujamwagwa. Mwezi Novemba mvua za vuli zilinikuta Kamakis, nikasimama kando ya mtaro nikiyatazama maji yakipita. Pwani, Kaskazi ilikuwa imekwisha kuanza.