Asili ya Watu wa Pwani ya Kusini: Ushuhuda wa Maandishi na wa Mifupa

Tunapouliza asili ya watu wa pwani yetu ya kusini, kutoka Kilwa hadi Mikindani na mlangoni mwa mto Ruvuma, maandishi ndiyo hutujibu kwanza. Habari za Kilwa, ambazo Mreno João de Barros alizitia katika kitabu chake mwaka 1552, zasimulia mwana wa mfalme wa Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo. Habari za Lindi, Sudi na Mikindani, alizozichapisha Carl Velten mwaka 1907, zawakumbuka pia watu wa bara. Lakini kwa kuwa masimulizi hayo huwataja zaidi wanaume, waandishi wa kikoloni walipata mwanya wa kudai kwamba ustaarabu wetu wote uliletwa na wageni.

Mwaka 2023 mifupa nayo ilitoa ushahidi. Wataalamu, akiwamo Chapurukha Kusimba wa Kenya, walitangaza uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani, zikiwamo Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Ilidhihirika kwamba tangu karibu mwaka 1000 damu ya Afrika na ya Asia zilichanganyika. Baba wengi wa Kiasia walitoka Uajemi, na mama karibu wote walikuwa Waafrika. Basi wazee hawakusema uongo walipoitaja Shirazi. Ila nusu ya habari haikuandikwa.

Nusu hiyo haikupotea Mtwara. Wamakonde, Wamakua na Wayao, kwa desturi yao, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mila ilihifadhi kanuni ambayo wino uliiacha.

Hata hivyo, mfupa hausemi kama mama yule aliolewa kwa mahari au alitekwa. Katika karne ya 19 misafara kutoka Nyasa ilileta mateka katika bandari hizi, na baadaye ofisi za Wajerumani ziliandika hati za uhuru. Karatasi hizo zaweza kufichua yale ambayo familia zimeyasitiri kwa vizazi vingi. Kwa hiyo, mtafiti hana budi kuomba idhini ya wenye makaburi kabla ya kuchimba, na kuwarudishia matokeo kwa lugha wanayoielewa.

Tusikubali vinasaba vitumiwe kuwagawa wananchi kuwa wenyeji na wageni. Uswahili haukupimwa kwa damu. Ulijengwa kwa lugha, ujirani na kazi, na mama zetu ndio waliouweka msingi wake.