Mjumbe wa Seli

Mwili wako, ewe msomaji, ni mji wa wakazi wasiohesabika. Wakazi hao ni seli, nazo hupelekeana habari kwa wajumbe, na wengi wa wajumbe hao ni protini. Sikiliza jinsi mmoja wao alivyogunduliwa.

Rita Levi-Montalcini alizaliwa Turin, Italia, mwaka 1909, akahitimu udaktari mwaka 1936. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini iliwafukuza Wayahudi katika vyuo vikuu, naye alikuwa Myahudi. Wewe ungalifanya nini? Yeye aligeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Alinoa sindano za kushonea zikawa visu vyake, akachunguza jinsi mishipa ya fahamu inavyokua katika vifaranga walio bado mayaini. Mabomu yalipomhamisha mjini, aliendelea na kazi shamba, akitafuta mayai kwa wakulima.

Mwaka 1947 alikwenda St. Louis, Marekani. Mwaka 1952 alisafiri kwa ndege hadi Rio de Janeiro, amechukua panya wawili wenye uvimbe wa saratani. Alipoweka kipande cha uvimbe karibu na seli za fahamu, nyuzi zilichipua pande zote kama miale ya jua. Uvimbe ulikuwa ukitoa kitu, na mwenzake, Stanley Cohen, alionyesha kuwa ni protini. Protini hiyo hushikana na nyingine iliyo juu ya seli, kama ufunguo na kufuli. Ndipo seli hupata amri ya kuishi na kukua. Mwaka 1986 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Basi, msomaji, ukikosa vyombo, usiseme kazi haiwezekani. Kumbuka sindano ya kushonea.