Chui wa 1974: Waliocheka Hawakujua

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka polepole)

Leo tunazungumza juu ya mpira wa miguu. Tutakusimulia historia ya timu moja kubwa ya Afrika, Chui wa Zaire, na namna nchi yao na dunia zilivyowatendea.

Labda umewahi kuiona video hii kwenye simu ya rafiki. Ni mechi ya Kombe la Dunia. Brazil wamepewa mpira wa adhabu karibu na goli la Zaire. Wachezaji wa Zaire wamejipanga ukuta. Refa anapuliza filimbi, na kabla Mbrazili hajaugusa mpira, beki mmoja wa Zaire anachomoka mbio kutoka kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali. Uwanja unacheka. Beki huyo alikuwa Mwepu Ilunga. Kwa miaka mingi watu walisema kwamba Mwafrika huyo hakujua sheria za mpira. Je, ni kweli? Ili kujibu, turudi nyuma kidogo.

Mpira wa miguu uliingia Kongo wakati wa utawala wa Wabelgiji, na wamisionari ndio waliousambaza sana mashuleni. Mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, mapadri Wabenedikto walianzisha timu mwaka 1939. Iliitwa kwanza Saint-Georges, baadaye Englebert kwa jina la kampuni ya matairi, na leo wewe unaijua kama TP Mazembe. Wakoloni walitaka vijana wacheze ili watulie. Lakini uwanja wa mpira ni mahali ambapo watu wengi hukutana, na wakikutana huongea. Tarehe 4 Januari 1959, mjini Leopoldville, watu waliotoka kwenye mechi walikutana na umati uliokuwa umekatazwa kufanya mkutano wa chama cha ABAKO. Ghasia za siku hiyo ziliutikisa utawala wa Wabelgiji, na mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipata uhuru.

Mobutu alipochukua madaraka mwaka 1965, aliona haraka nguvu ya mpira. Nchi ilikuwa imetoka katika vita na migawanyiko, na yeye alitaka kitu cha kuwafanya watu wa Katanga, Kasai, Kivu na Kinshasa washangilie pamoja. Wachezaji Wakongomani waliokuwa wakicheza Ubelgiji waliitwa warudi nyumbani. Timu ya taifa, iliyokuwa ikiitwa Simba, ikapewa jina la Chui, mnyama ambaye Mobutu alivaa ngozi yake kichwani.

Matunda yalionekana upesi. Englebert walichukua kombe la klabu bingwa za Afrika mwaka 1967 na 1968. Mwaka 1968 timu ya taifa nayo ilishinda Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ethiopia, ikiifunga Ghana 1–0 katika fainali. Mwaka 1973 ikawa zamu ya AS Vita Club ya Kinshasa. Walifungwa 4–2 na Asante Kotoko kule Kumasi, wakarudi nyumbani na kushinda 3–0. Mwaka huohuo Tshimen Bwanga wa Mazembe alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika. Kwa hiyo, msikilizaji, hawa hawakuwa watu waliookotwa barabarani. Walikuwa miongoni mwa wachezaji bora wa bara zima.

(Muziki mfupi)

Wakati huo Afrika nzima ilikuwa na nafasi moja tu katika Kombe la Dunia. Hata hiyo moja ilipatikana kwa kupigania, maana mwaka 1966 nchi za Afrika ziligoma kushiriki kwa sababu hazikupewa nafasi yao wenyewe. Mwaka 1970 nafasi hiyo ilichukuliwa na Morocco. Mnamo Desemba 1973, Zaire iliifunga Morocco 3–0 mjini Kinshasa na kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Wachezaji waliahidiwa nyumba na magari. Rais aliwapokea kama wanawe.

Machi 1974 walikwenda Misri kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Hapo ndipo jina la Ndaye Mulamba lilipovuma. Katika nusu fainali mjini Cairo, Misri wenyeji waliongoza 2–0, lakini Zaire wakageuza matokeo na kushinda 3–2. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2–2 hata baada ya muda wa nyongeza, ikabidi irudiwe siku mbili baadaye, na Zaire wakashinda 2–0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalifungwa na Ndaye. Kwa jumla alifunga mabao 9 katika mashindano hayo, na mpaka leo hakuna mchezaji aliyefunga mengi kama hayo katika Kombe la Afrika moja.

Miezi mitatu baadaye wakaenda Ujerumani Magharibi. Mechi ya kwanza, tarehe 14 Juni, walifungwa na Scotland 2–0. Kwa timu inayoanza, hayo hayakuwa matokeo ya aibu. Lakini nyuma ya pazia mambo yalikuwa yameharibika. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba walijua fedha walizoahidiwa hazingewafikia, kwa kuwa zilikuwa zimepotelea mikononi mwa wakubwa waliosafiri nao. Walikasirika, wakataka kugoma, kisha wakashawishiwa kuingia uwanjani.

Sasa fikiria unaingia kazini ukiwa na moyo wa namna hiyo. Tarehe 18 Juni walipambana na Yugoslavia. Katika dakika 20 za kwanza walikuwa wamefungwa mabao matatu. Kocha wao, Blagoje Vidinić, ambaye mwenyewe alikuwa Myugoslavia, akamtoa golikipa hodari Kazadi Mwamba na kumwingiza Tubilandu. Mara bao la nne likaingia. Katika vurugu iliyofuata, Mwepu alimpiga refa teke, lakini refa akamtoa Ndaye, ambaye hakuwa na kosa. Mfungaji bora wa Afrika akatoka uwanjani kwa kosa la mwingine. Mechi iliisha 9–0.

Ikabaki Brazil, mabingwa wa dunia. Mwepu alieleza baada ya miaka mingi kwamba walinzi wa rais waliwafuata wachezaji na kuwaambia kwamba wakifungwa mabao manne au zaidi, wasitegemee kurudi nyumbani. Tarehe 22 Juni, mechi ikielekea mwisho, Brazil walikuwa mbele. Kila bao jipya lingewasogeza karibu zaidi na mpaka waliowekewa. Na hapo ndipo Brazil walipopata ule mpira wa adhabu.

Sasa itazame tena ile video. Mwepu alikuwa amecheza fainali za Afrika. Alikuwa mchezaji wa Mazembe, klabu iliyokuwa imezunguka bara zima. Sheria ya mpira wa adhabu aliijua vizuri kabisa. Yeye mwenyewe alisema alitaka kupoteza muda, na pia kwamba alikuwa na hasira na hakuona sababu ya kujiumiza kwa ajili ya watu waliokula jasho lake. Refa alimpa kadi ya njano. Mechi iliisha 3–0, na wachezaji wote wakarudi salama. Watazamaji walicheka kwa sababu waliona mguu tu. Woga uliousukuma mguu ule hawakuuona.

(Muziki mfupi)

Timu iliporudi Kinshasa, hakukuwa na ngoma wala vigelegele. Miezi minne tu baadaye, Oktoba 1974, mji uleule ulijaa waandishi wa dunia nzima waliokuja kuona Muhammad Ali akipigana na George Foreman katika Uwanja wa 20 Mei. Serikali ilikuwa imepata mchezo mwingine wa kujitangazia. Chui wakasahaulika. Wengi wao walizeeka katika umaskini.

Hadithi ya Ndaye Mulamba ndiyo inayotugusa zaidi sisi wa kipindi hiki. Mwaka 1994 aliitwa Tunisia, kwenye Kombe la Afrika, akapewa heshima kwa rekodi yake ya miaka 20 nyuma. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia. Walidhani mtu aliyeheshimiwa namna ile lazima ana fedha nyingi. Walimpiga risasi mguuni. Fikiria, msikilizaji, mguu uleule uliofunga mabao kwa ajili ya taifa! Baadaye aliikimbia nchi na kufika Afrika Kusini, mkimbizi kama wakimbizi wengine.

Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika huko Burkina Faso, uwanja ulisimama kimya dakika moja kumkumbuka marehemu Ndaye Mulamba. Lakini Ndaye hakuwa amekufa. Alikuwa hai mjini Cape Town, akijipatia mkate kwa kulinda magari ya watu kwenye maegesho. Waliopita pale na kumtupia sarafu hawakujua wanampa nani. Alifariki kweli mwezi Januari 2019, hukohuko Afrika Kusini.

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Lakini wachezaji hawa hawakuwa wakidai asante. Walidai walichoahidiwa. Walipokuwa wanashinda waliitwa watoto wa taifa, na walipofungwa wakaachwa kama yatima. Mtawala aliyetumia ushindi wao kujenga jina lake hakutaka kubeba sehemu yake ya kushindwa.

Mpira wa Kongo haukufa. Mwaka 2010 TP Mazembe walikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la klabu, wakaifunga Pachuca ya Mexico 1–0 na Internacional ya Brazil 2–0, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ile. Walifungwa na Inter ya Milano 3–0, lakini safari hii walipokelewa kwa shangwe. Mwaka 2015 walichukua tena ubingwa wa Afrika, na mbele yao walikuwapo Watanzania wawili, Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Vijana wa nchi jirani walikuja Lubumbashi kufanya kazi, wakaheshimiwa kwa kazi yao. Hilo nalo ni jambo la kukumbuka, hasa pale tunaposikia maneno ya kuchukiana kati ya jirani na jirani.

Mpenzi msikilizaji, katika kambi na mitaa yetu wapo watu wengi kama Ndaye. Yule mzee anayelinda mlango wa duka huenda alikuwa mwalimu wa shule nzima. Yule mama anayeuza mkaa huenda alizalisha watoto wa kijiji kizima. Ukimwona kijana anafanya jambo usilolielewa, usianze kwa kucheka. Uliza kwanza ametoka wapi na ni nini kinachomfukuza nyuma yake. Hujafa hujaumbika.

Kabla hatujaagana, tunawaachia vikundi vya wasikilizaji maswali matatu ya kuzungumzia:

1. Kwa nini unadhani viongozi hupenda kusimama karibu na timu inayoshinda, na huiacha inapofungwa?

2. Je, katika mtaa au kambi yako yupo mtu aliyeitumikia jamii zamani na sasa amesahaulika? Mnaweza kumfanyia nini?

3. Timu yenu ya vijana ina wachezaji wa makabila au nchi mbalimbali? Mkigombana uwanjani, nani huwapatanisha, na kwa njia gani?

Jadilianeni kwa utulivu, kila mmoja apewe nafasi ya kusema. Kwa leo tunaishia hapa.

(Muziki wa kufunga)